Stesheni ya Legehar na Usafiri wa Addis Ababa

Legehar ni kituo cha treni nyepesi ya umeme katikati ya Addis Ababa, mji mkuu wa Ethiopia. Kimejengwa juu ya daraja refu la zege, baina ya vituo vya Stadium na Mexico, katika kipande ambacho njia zote mbili za treni ya mjini hupita pamoja. Chini yake hupita magari na watu wa miguu. Upande wa kusini, hatua chache kutoka ngazi zake, limesimama jengo la stesheni ya zamani ya reli ya Jibuti, nalo ndilo lililokipa kituo hicho jina, kwani Wafaransa waliojenga reli hiyo walipaita la gare na wenyeji wakalitamka kwa ulimi wao. Kituo cha juu kilifunguliwa mwaka 2015. Mahali penyewe pamekuwa mlango wa jiji kwa zaidi ya miaka 100, na kwa sehemu ya muda huo palikuwa mlango usio na treni.

Addis Ababa ilianza kujengwa mwaka 1886, pale Menelik, ambaye wakati huo alikuwa mfalme wa Shewa, na mkewe Taytu waliposhuka kutoka vilele vya Entoto na kukaa karibu na chemchemi za maji ya moto. Mahali palikuwa pazuri kwa hali ya hewa na kwa ulinzi, lakini palikuwa mbali mno na bahari. Bidhaa kutoka Ghuba ya Aden zilipandishwa kwa ngamia kupitia nchi kavu ya Waafar na Wasomali, kisha zikahamishiwa migongoni mwa nyumbu na punda katika milima. Kahawa, ngozi na pembe za ndovu ziliteremka kwa njia hiyo hiyo. Msafara mmoja ulikula wiki kadhaa, na bunduki ambazo Menelik alizihitaji kuliko kitu kingine zilikuja kwa mwendo huo wa ngamia.

Mhandisi wa Uswisi, Alfred Ilg, aliyekuwa mshauri wa Menelik, ndiye aliyeisukuma hoja ya reli. Tarehe 9 Machi 1894 alipewa kibali cha kuanzisha kampuni, akashirikiana na mfanyabiashara Mfaransa Léon Chefneux. Kazi ilianzia bandari ya Jibuti mwaka 1897, mwaka mmoja baada ya Waethiopia kuwashinda Waitalia huko Adwa. Reli ilikuwa na upana wa mita 1, sawa na ile ambayo Waingereza walikuwa wakiitandika wakati huo huo kutoka Mombasa kuelekea Ziwa Viktoria. Reli zote mbili zilianzia pwani zikipanda nyanda za juu. Tofauti kubwa ilikuwa juu ya mwenye amri: ya Mombasa ilikuwa mali ya serikali ya kikoloni, na ya Jibuti ilikuwa ya kampuni iliyopata ruhusa kwa mfalme Mwafrika aliyekuwa na uwezo wa kuizuia.

Na alizuia. Reli iliukwepa mji wa kale wa Harar, kwa kuwa kuupandisha mlima ule kungekula fedha nyingi, ikafika bondeni mwaka 1902 mahali ambapo mji mpya wa Dire Dawa ulichipuka kwa sababu ya treni tu. Kufikia hapo fedha za kampuni zilikuwa zimeisha, na serikali ya Ufaransa ilikuwa imeingia kuiokoa kwa mkataba ambao Menelik hakushirikishwa. Alikasirika, akaona kwamba reli aliyoiruhusu kama biashara sasa inageuzwa kuwa mkono wa dola ya kigeni ndani ya nchi yake. Waingereza na Waitalia nao walikuwa na mashaka yao. Kwa miaka kadhaa mataruma yaliishia Dire Dawa, na kampuni ya kwanza ikafilisika. Kampuni mpya, ya Kifaransa na Kiethiopia, iliundwa mwaka 1908, ujenzi ukaendelea, na treni ikaingia Addis Ababa mwaka 1917. Menelik alikuwa ameshafariki miaka minne nyuma. Njia nzima ilikuwa na urefu wa kilomita 784, ikitoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,300.

Katika miaka ile ya kungoja, mji ulijaribu vyombo vingine. Mfanyabiashara Mwarmenia, Sarkis Terzian, alileta mashine nzito ya mvuke yenye magurudumu ya chuma, ikakokotwa na kusukumwa hadi mjini, watu wakaijua kwa jina lake. Mwishoni mwa mwaka 1907 Mwingereza Bede Bentley alimfikishia Menelik motokaa. Vyote viwili vilikuwa vitu vya kutazamwa zaidi ya vyombo vya kusafiria. Wakubwa walipanda nyumbu wakizungukwa na wafuasi wao, na wadogo walitembea. Reli haikubadilisha hilo mara moja, kwa kuwa ilileta mizigo na wageni hadi ukingo wa kusini wa mji, ikawaacha hapo. Ikulu na soko vilikuwa juu zaidi, upande wa kaskazini na mashariki, na kutoka stesheni mtu aliendelea kwa mnyama, kwa mkokoteni wa farasi au kwa miguu.

Safari yenyewe ilikuwa ya siku tatu. Treni haikutembea usiku. Ililala Dire Dawa na tena Awash, na abiria wenye uwezo walilala katika hoteli za reli, wengine wakajihifadhi walivyoweza. Kifaransa kilikuwa lugha ya kazi kwenye reli, kuanzia matangazo hadi vitabu vya karakana, na familia za wafanyakazi wa Dire Dawa na Legehar ziliendelea kukitumia vizazi viwili vitatu baadaye. Mgahawa wa stesheni, Buffet de la Gare, ulikuwa mahali ambapo mgeni alikunywa kinywaji chake cha kwanza mjini na mwenyeji alikuja kuona nani kashuka.

Jengo lililopo leo, lenye kuta za mawe na saa usoni, lilifunguliwa mwaka 1929, ili mji uwe na uso wa kuonyesha. Mwaka uliofuata, Ras Tafari alipokuwa akitawazwa kuwa Haile Selassie I, mabalozi na waandishi wa dunia walishuka hapo, na mbele ya stesheni ikasimamishwa sanamu ya shaba ya Simba wa Yuda, kazi ya mchongaji Mfaransa Georges Gardet. Simba huyo ana historia ndefu zaidi ya safari kuliko abiria wengi. Waitalia walipouteka mji walimchukua hadi Roma na kumweka katikati ya jiji lao kama ngawira. Mwaka 1938 kijana Zerai Deres, mzaliwa wa Eritrea, alifanya fujo mbele yake kwa upanga dhidi ya Mafashisti, kisa ambacho Waethiopia na Waeritrea wamekisimulia kwa namna nyingi tangu hapo. Sanamu ilirudishwa Addis Ababa katika miaka ya 1960. Serikali ya kijeshi ya Derg, iliyoikataa kila alama ya ufalme, ilifikiria kuiondoa. Wazee waliopigana na Waitalia wakaiombea ibaki, nayo ikabaki.

Siku ambayo stesheni ilihusika moja kwa moja na kifo cha dola ilikuwa mapema Mei 1936. Jeshi la Haile Selassie lilikuwa limeshindwa kaskazini, na mfalme aliondoka kwa treni kwenda Jibuti, kisha uhamishoni. Tarehe 5 Mei Waitalia waliingia mjini kwa malori. Kwa muda waliokaa walitumia nguvu nyingi kwenye barabara, wakazitandaza pande zote za nchi, na kwa hilo wakaipa reli mshindani ambaye haikuwahi kuwa naye. Pia walilisukuma soko kuu la wenyeji upande wa magharibi, kwenye eneo la Merkato, na tangu hapo safari ya kawaida ya mkazi wa Addis Ababa ikawa ndefu kiasi cha kuhitaji gari.

Gari hilo lilikuja katikati ya miaka ya 1940, baada ya mfalme kurejea, kwa njia ya mabasi ya Anbessa, yaani simba, yaliyokuja kujulikana kwa rangi nyekundu na njano. Legehar ikawa mojawapo ya vituo vyake vikubwa. Barabara pana ya Churchill ilipanda moja kwa moja kutoka mlango wa stesheni hadi ukumbi wa manispaa kilimani, na pande zake zikajengwa benki, posta na ukumbi wa maonyesho. Mpango huo wa mtaa ulikuwa na akili ya wazi, kwani mtu akitoka kwenye treni alitakiwa auone mji wote umempandia mbele ya macho. Mabasi hayakutosha, hivyo zikaongezeka teksi ndogo za Fiat zilizopakwa bluu na nyeupe, na pikapu zilizoezekwa nyuma zikawekwa mabenchi mawili yanayotazamana. Baadaye zilifuata hiace, nazo kwa bluu na nyeupe ile ile. Utingo wa hiace, ambaye huko huitwa weyala, huning'inia mlangoni akiita mwisho wa safari kwa sauti moja isiyokatika: Mexico, Bole, Megenagna, Piassa. Mgeni kutoka Dar es Salaam au Nairobi hahitaji kufundishwa utaratibu huo.

Teksi hizo ziliwahi kuitikisa nchi. Bei ya mafuta ilipopandishwa kwa asilimia 50 Februari 1974, kufuatia kupanda kwa bei ya mafuta duniani, madereva wa teksi wa Addis Ababa waligoma tarehe 18 mwezi huo. Walimu waligoma pia, wanafunzi wakaingia mitaani, mabasi yakapigwa mawe. Serikali ilirudi nyuma kuhusu bei, lakini ilikuwa imechelewa. Maasi ya wanajeshi yaliyokuwa yameshaanza kambini yakaungana na hasira ya mjini. Septemba 1974 Haile Selassie aliondolewa ikulu akiwa amepakiwa kwenye kiti cha nyuma cha Volkswagen ndogo, yeye aliyekuwa na gereji ya magari ya kifahari.

Reli nayo ilianza kuumia. Katika vita vya Ogaden vya mwaka 1977 wapiganaji wa Kisomali walivunja madaraja na safari za kwenda baharini zikakatika kwa miezi. Mwaka 1981 kampuni ya Kifaransa na Kiethiopia ilirithiwa na shirika la Ethiopia na Jibuti, ambalo lilipokea njia iliyochakaa na vichwa vya treni vilivyochoka. Januari 1985 treni ya abiria iliacha reli kwenye kona ya daraja karibu na Awash, mabehewa yakatumbukia bondeni, wakafa zaidi ya watu 400. Ni ajali mbaya kuliko zote katika historia ya reli barani Afrika. Malori yaliendelea kuchukua mizigo, kwanza ya bandari ya Assab iliyoko Eritrea, na baada ya vita na Eritrea vya mwaka 1998, ya Jibuti yenyewe. Safari kati ya Legehar na Dire Dawa zilipungua hadi zikakoma mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii. Vichwa vya treni vilibaki uani vikiota kutu na nyasi zikafunika mataruma.

Hapo ndipo inapoonekana ajabu ya Legehar. Treni iliondoka, na msongamano haukuondoka. Hiace zilijaa uwanjani kama kawaida, mabasi ya Anbessa yaligeuza hapo, wauza magazeti na wapiga viatu rangi walikaa palepale. Mji ulishajipanga kuizunguka stesheni kiasi kwamba haukuhitaji tena reli ili watu wakutane hapo. Wapangaji wa treni mpya walipotafuta mahali pa kupitisha njia zao, hawakuwa na chaguo kubwa. Watu walikuwa tayari wanapita Legehar.

Mkataba wa ujenzi ulitiwa saini mwaka 2009 kati ya Shirika la Reli la Ethiopia na China Railway Group. Gharama ilikuwa dola milioni 475 za Marekani, asilimia 85 yake ikiwa mkopo wa benki ya Exim ya China. Ujenzi ulipamba moto kuanzia mwaka 2012, na kwa miaka mitatu iliyofuata katikati ya jiji palikuwa shimo moja refu la vumbi na matope. Sanamu ya Abune Petros, askofu aliyepigwa risasi na Waitalia mwaka 1936, ilihamishwa mwaka 2013 kwa kuwa njia ya chini ya ardhi ilipita pale iliposimama. Uhamisho huo ulizua minong'ono mingi mjini, na wengi hawakuamini kwamba ingerudi. Ilirudi mapema mwaka 2016.

Njia ya kaskazini hadi kusini, kutoka Uwanja wa Menelik II hadi Kality, ilianza kuchukua abiria tarehe 20 Septemba 2015. Ya mashariki hadi magharibi, kutoka Ayat hadi Tor Hailoch, ilifuata Novemba mwaka huo huo. Kwa jumla zina urefu wa kilomita zisizopungua 30 na vituo 39. Vitano kati ya hivyo hutumiwa na njia zote mbili: Stadium, Legehar, Mexico, Tegbared na Lideta. Ilikuwa treni nyepesi ya kwanza ya mjini kusini mwa Sahara. Miezi minane baada ya uzinduzi wa Septemba, Dar es Salaam ilianza kuendesha mabasi yaendayo haraka kwenye barabara ya Morogoro. Miji miwili yenye tatizo moja ilichagua dawa mbili tofauti, mmoja lami na mwingine chuma, na hadi leo kila mmoja una sababu ya kuutazama mfumo wa mwenzake kwa wivu.

Treni zenyewe, 41 kwa idadi, zilitengenezwa Changchun nchini China. Kila moja ina vipande vitatu vilivyoungana, sakafu yake kubwa iko chini ili abiria aingie bila kupanda ngazi, nayo hupata umeme kutoka nyaya za juu. Inaweza kwenda hadi kilomita 70 kwa saa, ingawa katikati ya jiji mwendo huo hauonekani. Katika kipande cha Legehar treni za njia mbili hupokezana kwenye jukwaa moja, kwa hiyo abiria hana budi kuangalia ni treni ya njia gani kabla ya kuingia. Akikosea, atajikuta anaelekea Kality wakati alitaka Ayat. Tiketi za karatasi ziliuzwa kwenye vibanda vya kandokando ya kituo, nauli ikiwa birr 2, 4 au 6 kulingana na umbali. Hiyo ilikuwa nafuu kuliko kubadilisha hiace mara mbili, na asubuhi watu walibanana mlangoni hadi walinzi wakawasukuma ndani kwa viganja. Baada ya muda mfupi treni ilikuwa inabeba zaidi ya watu 100,000 kwa siku.

Daraja lilileta hasara yake pia. Anayesimama leo kwenye barabara ya Churchill akitazama kusini hauoni tena uso wote wa stesheni ya zamani, kwa kuwa zege limekatiza mbele yake. Uhusiano ule kati ya mlango wa treni na mji uliopanda kilimani, ambao ulijengwa kwa makusudi, ulikatwa na chombo kilichokuja kuurudishia mahali hapo kazi yake. Nje ya kipande cha darajani mambo yalikuwa magumu zaidi, kwani pale reli ilipotandazwa chini, ilizungushiwa uzio katikati ya barabara, na mtaa ambao zamani mtu aliuvuka kwa hatua ishirini sasa unamtaka atembee hadi kwenye kivuko cha mbali.

Tatizo kubwa lilikuwa la matunzo. Nauli ilipangwa kwa ajili ya mfuko wa maskini, na haikukaribia kulipa gharama za uendeshaji, wacha mkopo. Kwa miaka ya mwanzo wataalamu wa Kichina waliendesha huduma pamoja na Waethiopia waliokuwa wakifunzwa, na mkataba ulipoisha mzigo ukabaki kwa wenyeji. Magurudumu yaliliwa upesi kuliko ilivyotarajiwa, hasa kwa kona kali za mjini, na vipuri vilitoka China kwa fedha za kigeni ambazo Ethiopia ilikuwa na upungufu wake. Treni iliyoharibika ililazwa karakanani Ayat au Kality, ikawa ghala la kuchomolewa vifaa vya kutengenezea nyingine. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2020 sehemu kubwa ya zile 41 haikuwa barabarani, na abiria wa Legehar alirudi kungoja kwa muda mrefu, au kushuka ngazi na kumfuata weyala. Kumlaumu fundi wa Addis Ababa kwa hali hiyo ni kumwonea. Treni isiyo na bajeti ya vipuri imepangiwa kufa tangu siku ya kwanza, kama ilivyokuwa kwa vichwa vilivyoota kutu uani hapo hapo Legehar.

Uwanja wa stesheni ya zamani, pamoja na nyumba za wafanyakazi wa reli walioishi humo kwa vizazi, umekuwa ukitolewa macho na wajenzi. Novemba 2018 serikali ilitangaza mradi wa majumba marefu, hoteli na maduka kwenye hekta 36 za eneo hilo, kwa ubia na kampuni ya Eagle Hills ya Abu Dhabi, kwa ahadi kwamba wakazi waliopo wangepewa nyumba hapo hapo na kwamba jengo la mwaka 1929 lingehifadhiwa.

Reli ya Jibuti nayo imezaliwa upya, ila si Legehar. Njia mpya ya umeme, yenye upana wa kimataifa, ilizinduliwa Oktoba 2016 na kuanza biashara kamili Januari 2018, ikifupisha safari iliyokuwa ya siku tatu kuwa ya saa zisizofika siku moja. Stesheni yake ya abiria iko Furi-Lebu, ukingoni mwa jiji upande wa kusini-magharibi, na haijaunganishwa na treni ya mjini. Anayefika Addis Ababa kutoka Jibuti na anataka kwenda Legehar, hupanda hiace.